Lufthansa 540, Nairobi 1974: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ajali ya ndege wakati wa kupaa

Nini kilitokea?

Tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747-130 ya Lufthansa yenye usajili D-ABYB, iliyopewa jina Hessen, ilikuwa njiani kutoka Frankfurt kwenda Johannesburg kupitia Nairobi. Muda mfupi kabla ya saa 2 asubuhi ilianza mbio kwenye njia ya kurukia namba 24 ya uwanja wa Embakasi, ambao leo tunauita Jomo Kenyatta. Ndani mlikuwa na watu 157: abiria 140 na wafanyakazi 17.

Mbio zenyewe hazikuwa na kasoro iliyoonekana. Kasoro ilijitokeza ndege ilipoinua pua na kuiacha lami: mwili mzima ulianza kutetemeka, na ndege ikawa haipandi inavyostahili. Ilifika kama mita 30 kutoka ardhini, ikaanza kushuka. Iligusa ardhi mkia ukitangulia, mita 1,120 baada ya mwisho wa njia ya kurukia. Mita 114 mbele ikagonga barabara ndogo iliyoinuka kidogo, na hapo ndipo ilipoanza kuvunjika. Iliteleza mita nyingine 340 huku ikigeukia kushoto. Moto ulianzia upande wa bawa la kushoto, ukakimbilia kwenye kiwiliwili.

Walikufa watu 59, yaani abiria 55 na wafanyakazi 4. Walionusurika ni 98.

Ni kweli kwamba ndiyo ajali ya kwanza ya 747 kuua abiria?

Ndiyo. 747 ilianza kubeba abiria Januari 1970. Kabla ya Nairobi ndege mbili za aina hiyo zilikuwa zimeshateketea, moja Cairo mwaka 1970 na nyingine Benghazi mwaka 1973, lakini zote mbili zililipuliwa na watekaji zikiwa zimeegeshwa, abiria wameshashuka.

Chanzo kilikuwa nini?

Ndege ilianza mbio huku flapu za mbele ya mabawa zikiwa zimekunjwa. Zilikuwa zimekunjwa kwa sababu hewa ya mgandamizo inayozisukuma haikuwa imefunguliwa. Mengine yote yanatokana na hayo mawili, ila kuna swali ambalo wengi hulisahau: kwa nini ndege yenye thamani ile haikuwa na kengele ya kuwaambia marubani?

Flapu za mbele ni kitu gani?

Bawa la ndege ya abiria limechongwa kwa ajili ya mwendo wa kasi huko juu. Kwenye mwendo mdogo wa kupaa na kutua, bawa hilo hilo halitoshi. Kwa hiyo hupanuliwa na kupindwa pande mbili. Nyuma hutoka flapu zinazoshuka kama upenu wa paa. Mbele, kwenye ukingo unaokata upepo, hutoka vipande vingine. Kwenye 747 ni vingi na vimepangwa kwa mafungu, vile vya karibu na kiwiliwili vikiwa na umbo tofauti na vya mbali.

Kazi za pande hizo mbili si moja. Flapu za nyuma huongeza nguvu ya kunyanyua kwa pembe ile ile ya pua. Za mbele huliwezesha bawa kuinamishwa nyuma zaidi kabla hewa haijabanduka juu yake. Hewa ikibanduka, nguvu ya kunyanyua huporomoka na ukinzani hupanda kwa ghafla. Ndicho alichokutana nacho rubani wa Nairobi: alivuta pua hadi pembe ya kila siku, lakini kwa bawa lisilo na flapu za mbele pembe hiyo ilikuwa tayari imevuka mpaka.

Mbona za nyuma zilitoka?

Hapa ndipo penye mtego. Mkono wa flapu kwenye chumba cha marubani ni mmoja. Ukiusogeza hadi alama ya 10, unaagiza pande zote mbili kwa pamoja. Lakini misuli ni tofauti: za nyuma husukumwa na mafuta ya haidroliki, za mbele husukumwa na mota zinazoendeshwa kwa hewa ya mgandamizo inayochotwa kwenye injini. Hewa hiyo hupitia vali, na vali hizo zilisimamiwa na mtu wa tatu, mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma ya marubani akitazama paneli yake ya pembeni.

Vali zikiwa zimefungwa, mkono unasogea vizuri, flapu za nyuma zinashuka, na kipimo chake kinaonyesha 10. Mtu aliyeketi mbele hahisi upungufu wowote mkononi. Za mbele zimelala kimya mahali pake.

Kama bawa halikuwa tayari, ndege iliwezaje kuacha ardhi?

Ndege ikiwa chini sana, ardhi yenyewe huisaidia. Hewa iliyo kati ya bawa na ardhi haipati nafasi ya kuzunguka kwenye ncha za bawa kama inavyofanya huko juu, hivyo ukinzani hupungua. Msaada huu ni mkubwa zaidi ndege inapokaribia ardhi, na hufifia inapofikia kimo kinacholingana na upana wa mabawa. Upana wa mabawa ya 747 ile ulikuwa karibu mita 60.

Ndege ya Nairobi iliondoka kwenye lami kwa kuegemea msaada huo. Kila mita iliyopanda iliupunguza. Ukinzani ukaongezeka, mwendo haukuongezeka, na nguvu ya injini ikawa haitoshi kuilipa tofauti. Watu huona ajabu kwamba ndege inaweza kupaa halafu ikashindwa kuruka, lakini kwa fizikia ya bawa hakuna ajabu.

Mwinuko wa Nairobi ulichangia?

Ulikaza kamba, ingawa haukuifunga. Uwanja uko takriban mita 1,620 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pale ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 hadi 18 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, tofauti ya joto ikipuuzwa, na hilo lina matokeo mawili. Kwanza, injini hupata hewa kidogo, hivyo msukumo unapungua. Pili, ili bawa libebe uzito ule ule, ndege inahitaji mwendo halisi ulio mkubwa kwa karibu asilimia 8 hadi 10. Ndiyo maana njia ya kurukia ya Nairobi ni ndefu, zaidi ya kilomita 4.

Hesabu za kupaa huzingatia haya yote, na ndege kubwa hupaa Nairobi kila siku bila tatizo. Ila akiba inayobaki mkononi mambo yakiharibika ni ndogo kuliko ya uwanja wa pwani.

Kwa nini rubani hakukatisha safari?

Kila mbio za kupaa huwa na mwendo uliopangwa kabla, unaoitwa V1. Chini yake, ukikatisha, njia iliyobaki inatosha kusimama. Ukishauvuka, unaendelea, kwa sababu kusimama kwenye lami hakuwezekani tena. Baada yake unakuja mwendo wa kuinua pua, VR, na kisha V2, mwendo salama wa kupanda hata injini moja ikizimika.

Flapu za mbele zikikosekana hakuna dalili mbioni. Injini zinavuta, mwendo unapanda, magurudumu yanazunguka. Dalili ya kwanza, yaani mtetemo, ilikuja baada ya kuiacha ardhi, wakati mlango wa kukatisha umeshafungwa.

Hawakutambua mtetemo ule?

Walidhani ni magurudumu yasiyo na mizani, jambo linalotokea kweli na lisilo la hatari. Magurudumu yakakunjwa. Kuyakunja ni hatua ya kawaida ya kupunguza ukinzani, lakini milango ya vyumba vyake hufunguka kwanza, na kwa sekunde hizo chache ukinzani huongezeka badala ya kupungua. Baadaye usukani ukaanza kutikisika, alama ya kuonya kwamba bawa linaishiwa nguvu ya kunyanyua. Kufikia hapo dawa ingekuwa kushusha pua na kupata mwendo, na ndege haikuwa na kimo cha kulipia dawa hiyo.

Uchunguzi ulikubali jambo hili waziwazi: marubani hawakuweza kuitambua hali ile ndani ya muda mfupi waliokuwa nao.

Orodha ya ukaguzi haikusomwa?

Haikukamilishwa ipasavyo, uchunguzi ulilitaja hilo kama sababu iliyochangia. Utaratibu ni wa kuita na kuitikia: mmoja anataja kitu, mwingine anakitazama na kujibu hali yake. Hewa ya mgandamizo ilikuwa na mahali pake kwenye orodha, na flapu za mbele zilikuwa na taa zake.

Anayefanya kazi hii anajua udhaifu wake. Kitu kikijibiwa "kijani" mara elfu moja, mara ya elfu moja na moja mdomo hujibu kabla ya jicho kufika. Hakuna uvivu ndani yake. Ndivyo kumbukumbu ya binadamu inavyofanya kazi, na ndiyo sababu orodha peke yake haitoshi kulinda kitu kinachoweza kuua ndege nzima.

Kwa hiyo kosa ni la mhandisi wa ndege?

Vali zilikuwa upande wake, na alifikishwa mahakamani, lakini mwaka 1981 aliachiwa huru. Kwa maoni yetu, kumtwika yeye peke yake ni kusoma nusu ya ripoti. Uchunguzi, uliofanywa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kabla haijavunjika mwaka 1977, uliweka mambo mawili bega kwa bega: wafanyakazi hawakukamilisha ukaguzi vizuri, na ndege haikuwa na onyo la kutosha kuhusu hali ya flapu za mbele. Kabla ya 1974 kulikuwa kumeshatokea matukio ya aina hii kwenye 747 ambayo hayakufikia maafa. Kosa lilikuwa limeshabisha hodi.

Nini kilibadilika baada ya hapo?

747 ziliongezewa onyo ili rubani akisukuma mikono ya injini kwa ajili ya kupaa na flapu za mbele hazijatoka, apate kelele mara moja, akiwa bado ana lami ya kusimamia. Miaka ya baadaye kiti cha mhandisi wa ndege chenyewe kiliondolewa: 747-400, iliyoanza kazi mwaka 1989, inaendeshwa na marubani wawili, na kompyuta ndiyo inayochunga mifumo ya hewa.

Kengele ya kupaa hufanyaje kazi?

Kengele huamka masharti mawili yakitimia: ndege iko ardhini, na mikono ya injini imesukumwa kupita kiwango fulani. Hapo inaangalia vitu kadhaa. Flapu ziko kwenye alama ya kupaa? Vipande vya mbele vimetoka? Bawa dogo la mkiani limepangwa sawa? Breki za hewa juu ya mabawa zimelala? Breki ya kuegesha imeachiliwa? Jibu moja likiwa baya, honi inalia. Kwenye Airbus kuna kitufe cha kuuliza hayo kabla ya kuingia kwenye njia ya kurukia.

Inaharibika wapi? Sehemu mbili mara nyingi. Kwanza, umeme: kikata umeme kikiwa kimetoka, kengele imekufa na haisemi kwamba imekufa. Pili, kihisi cha ardhini: ndege ikijidhani iko hewani, kengele hunyamaza kwa makusudi, kwa kuwa hewani haina kazi.

Kuna ajali nyingine zilizotokea hivyo hivyo?

Zipo, na zinatisha kwa kufanana kwake.

*Detroit, 16 Agosti 1987.* MD-82 ya Northwest, safari namba 255, ilipaa bila flapu wala vipande vya mbele. Orodha ya wakati wa kutembea ardhini haikusomwa. Kengele haikuwa na umeme, na wachunguzi hawakuweza kuthibitisha kwa nini. Walikufa 156, wawili kati yao wakiwa ardhini. Ndani ya ndege alipona mtoto mmoja wa miaka 4.

*Buenos Aires, 31 Agosti 1999.* Hii ni ya peke yake. Kwenye Boeing 737 ya LAPA, safari namba 3142, kengele ililia tangu mwanzo wa mbio. Marubani waliendelea. Ndege ilipita uwanja, ikavuka barabara, ikawaka. Walikufa 65.

*Madrid, 20 Agosti 2008.* MD-82 ya Spanair, safari namba 5022. Ndege ilikuwa imerudi kwenye maegesho kwa sababu kipima joto cha nje kilikuwa kinapashwa moto ikiwa ardhini, kitu kinachotakiwa kufanyika hewani tu. Mafundi walikikatia umeme kipashio, hatua inayoruhusiwa, na ndege ikaondoka. Lakini kipashio kilichowaka chini kilikuwa kikisema jambo zito: sehemu fulani ya ndege iliamini iko angani. Relei moja, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ilishukiwa kuhusika na kipashio na kengele kwa pamoja. Flapu hazikushushwa, kengele haikulia, watu 154 kati ya 172 wakafa. Baada ya Detroit mtengenezaji alikuwa amependekeza kengele ijaribiwe kabla ya kila safari; kwenye kampuni hii ilijaribiwa kabla ya safari ya kwanza ya siku na wafanyakazi wanapobadilishana.

Ajali ya Kenya Airways ya Abidjan ilikuwa ya aina hii?

Hapana, na ni vizuri kuzitofautisha kwa sababu wengi Kenya huzichanganya. Safari ya KQ431 ilitumia Airbus A310, usajili 5Y-BEN. Usiku wa tarehe 30 Januari 2000 ilipaa Abidjan kuelekea Lagos ikiwa imepangwa sawasawa. Mara tu ilipoiacha ardhi, onyo la bawa kuishiwa nguvu ya kunyanyua likalia bila sababu. Rubani aliyekuwa akiiendesha alishusha pua, kama alivyofundishwa kufanya akisikia onyo hilo huko juu. Lakini hapa alikuwa chini mno, usiku, mbele yake bahari nyeusi isiyo na taa ya kumwonyesha kwamba anashuka. Ndege iliingia baharini. Kati ya watu 179, walikufa 169.

Ukiziweka pamoja, Nairobi kengele iliyohitajika haikuwepo, Abidjan iliyolia ilidanganya. Jibu sahihi Abidjan lilikuwa nguvu kamili ya injini na kushika pembe ya kupanda huku mwendo ukisomwa kwenye kipimo.

Ni mambo gani mengine huangusha ndege wakati wa kupaa?

Takataka kwenye lami: Concorde ya Air France, 25 Julai 2000, Paris. Ukanda wa chuma cha titani wenye urefu wa sentimita 43 hivi, uliodondoka kutoka ndege iliyotangulia, ulipasua tairi. Kipande cha tairi kikagonga chini ya bawa, tangi likapasuka kwa mshtuko wa mafuta yaliyomo, moto ukawaka. Walikufa 113, wanne wakiwa ardhini.

Njia fupi: Goma, 15 Aprili 2008. DC-9 ya Hewa Bora ilipata hitilafu mbioni na haikuweza kusimama. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilikuwa imemeza sehemu ya njia ya kurukia, na baada ya mwisho wa lami palikuwa na mtaa wa Birere wenye soko na nyumba. Wengi wa waliokufa walikuwa watu wa mtaani.

Kupotewa na mwelekeo gizani: Douala, 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways. Ndege ililalia kulia polepole usiku wa mvua bila kusahihishwa. Walikufa wote 114.

Barafu kwenye mabawa ni sababu kubwa Ulaya na Marekani Kaskazini. Kwetu haituhusu sana.

Abiria afanye nini?

Funga mkanda chini kwenye nyonga, sio tumboni, na uukaze. Hesabu viti hadi mlango wa dharura ulio karibu, mbele na nyuma, kwa sababu kwenye moshi utakwenda kwa kupapasa. Vaa viatu hadi ndege ifike juu. Fungua pazia la dirisha: kabla ya kufungua mlango wa dharura lazima ujue moto uko upande gani, na Nairobi ulikuwa kushoto. Acha mzigo. Ndege hupitishwa kwa jaribio la kuwatoa watu wote ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Jaribio hilo halina mtu anayeshusha sanduku kutoka juu.

Nikikaa dirishani naweza kuona flapu?

Ukikaa nyuma ya bawa, ndiyo. Ndege ikitembea kuelekea njia ya kurukia utaona ukingo wa nyuma ukisogea nje na kushuka kidogo, na kwenye ndege nyingi ukingo wa mbele ukijitokeza. Wakati wa kupaa hushuka kidogo. Wakati wa kutua hushuka sana.

Usipige kelele ukiona hazijashuka. Zipo ndege zinazoruhusiwa kupaa flapu za nyuma zikiwa sifuri, kwa mfano Fokker 100, na A310 huweza kupaa ikiwa imetoa vipande vya mbele peke yake. Pia marubani wengine huzishusha dakika za mwisho. Ukiwa na wasiwasi wa kweli, bonyeza kitufe cha kumwita mhudumu kabla ndege haijaingia kwenye njia ya kurukia, mwambie kwa maneno machache ulichoona na upande uliokiona. Mhudumu ana simu ya kwenda kwa marubani.